Nilivyoandika Kwamba Somoe Anaona

Ninyi wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, msinipigie makofi kwanza. Mara mbili tangu nistaafu nimeitwa kuzungumza na vijana wa utabibu, na mara zote mbili mshereheshaji amenitambulisha kuwa mama aliyetibu wagonjwa wa kifafa wa Nachingwea na Ruangwa kwa miaka mingi. Nilitibu, ni kweli. Yupo mmoja ambaye nilimharibia maisha kwa kalamu ya wino wa buluu, na mshereheshaji hamtaji kwa sababu hamjui. Mimi ndiye ninayemjua. Anaitwa Somoe.

Kabla sijamfikia, niwape kazi yenyewe, maana najua nusu yenu mtasinzia nikianza na huzuni.

Mtu akianguka kifafa mbele yenu, ondoeni mafiga, mawe, jembe, chochote kilicho karibu naye. Mlazeni ubavu. Legezeni kanga au shati shingoni. Tazameni saa. Msimtie kitu mdomoni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimtia mgonjwa kijiko cha uji katikati ya meno kwa sababu niliona wakubwa wakifanya hivyo. Kijiko kilipinda, jino likang'oka, na mgonjwa alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amenipiga?" Nikamwambia amejiuma mwenyewe. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kazini. Msimnusishe kitunguu wala njiti ya kiberiti wala kiatu. Mlinzi wetu alikuwa mwepesi wa kuvua kiatu chake kwa ajili hiyo, na kiatu chenyewe kilikuwa na uwezo wa kukimbiza mbuzi, lakini sijawahi kukiona kikikatisha kifafa. Na mate ya mgonjwa hayaambukizi. Mtaambiwa yanaambukiza, hata na watu waliosoma. Shikeni mgonjwa wenu.

Sasa, mshtuko ukiisha, watu wanatawanyika. Hata matabibu. Tunaona mwili umetulia, pumzi imerudi, macho yamefunguka, tunasema amezinduka, aingie anayefuata. Hapo ndipo penye kazi. Ubongo uliotoka kwenye mshtuko ni kama mtu aliyekimbizwa kutoka Lionja hadi Nachingwea mjini bila kupumzika. Amefika, lakini usimpe mzigo. Na sehemu iliyochoka zaidi ni ile mshtuko ulikoanzia. Kama ulianzia sehemu ya kuhisi mkono, mkono unakufa ganzi kwa muda. Nilikuwa na mgonjwa fundi cherehani ambaye kila akianguka asubuhi, mkono wake wa kulia ulikuwa hausikii hata sindano mpaka adhuhuri. Kama ulianzia sehemu ya kusikia, atasikia sauti zenu kama mnaongea ndani ya mtungi. Na kama ulianzia kule nyuma ya kichwa, ambako ubongo hufanyia kazi ya kuona, atafungua macho na asione kitu. Kwa dakika, kwa nusu saa, wengine kwa saa kadhaa. Kisha inarudi yenyewe.

Haya yote nawaambia leo kama mtu anayejua. Siku Somoe alipoletwa kwangu, sikuyajua, na ubaya zaidi ni kwamba sikujua kwamba siyajui.

Ilikuwa zahanati moja ya upande wa Nachingwea. Siitaji, maana waliopo pale leo hawana kosa. Nilikuwa mfawidhi, nina stashahada yangu ukutani kwenye fremu, na chini yangu alikuwapo muuguzi msaidizi mmoja, Bi Mwanahawa, mama wa Kimwera aliyejifunza kazi kwa kufagia wodi kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Akikosa neno alichomeka la Kimwera na kuendelea. Nilikuwa namsahihisha mbele ya wagonjwa. Hilo nalo liandikeni.

Somoe alikuja asubuhi, wakati wa kupalilia ufuta, akiwa na mumewe Issa na mtoto wao wa kike, Rukia, aliyekuwa bado hajafika umri wa kwenda shule. Somoe alikuwa binti mrefu, mkimya, kwao ni Chiola. Alikaa kwenye benchi na daftari lake mapajani, lile la shule ambalo kwetu mgonjwa hununua ili tabibu aandike humo. Nilipomwita, alianza kueleza vizuri kabisa.

"Zinaanza shanga, mama. Shanga za rangi, nyekundu na kijani, huku upande wa kushoto. Zinazunguka. Zinakuwa nyingi mpaka zinanijaa, kisha sijui tena."

"Shanga," nikasema.

"Ndiyo. Halafu nikiamka ni giza. Sioni. Nakaa hivyo, baadaye nuru inarudi kidogo kidogo, na kichwa kinauma sana."

Ninyi mliofundishwa siku hizi mmeshaelewa. Alikuwa ananipa ugonjwa wake wote mkononi, mshtuko unakoanzia na unakoishia. Mimi nilikuwa nafikiria foleni. Sikuandika hata neno shanga.

Na kana kwamba alitaka kunisaidia, alianguka palepale ofisini kwangu. Tulimlaza, tukatazama saa, mshtuko ukapita. Alipofungua macho, jua lilikuwa limejaa dirishani, saa nne kamili, akanyoosha mkono hewani na kusema, "Rukia? Mbona mmefunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi. Rukia alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, kidole mdomoni.

Nilichukua tochi yangu ndogo. Chuoni tulifundishwa, au mimi ndivyo nilivyosikia, kwamba anayedai haoni mumulike. Mboni zikisinyaa, jicho linafanya kazi. Nikamulika la kulia. Mboni ikasinyaa. La kushoto, vilevile. Upesi, sawasawa, kama kwenye kitabu. Nikazima tochi nikiwa na furaha ya mtu aliyemkamata mwizi.

Bi Mwanahawa alinivuta pembeni. "Mama, huyu haoni kweli. Nimemsogezea kidole mpaka kwenye kope, hajapepesa."

"Mboni zinafanya kazi, Bi Mwanahawa."

"Mimi sijui mboni. Nimemwekea kikombe cha maji mbele, mkono umepita pembeni. Mara mbili."

"Kaendelee na kufunga vidonda," nikamwambia.

Issa alikuwa nje, amejiegemeza kwenye nguzo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana aliyechoka, shamba limezidiwa na majani, na nyumbani mama yake anamwambia kila siku kwamba mkewe anaumwa msimu wa jembe tu. Aliponiona alivua kofia.

"Daktari, naomba uniambie ukweli. Haoni, au hataki?"

Nilicheka. Nawaambia ukweli, nilicheka. "Macho yake mazima kuliko ya kwangu."

"Una hakika?"

"Nimeyapima."

Nikaingia ndani nikaandika kwenye daftari: *Macho mazima. Anaona. Upofu ni wa kuigiza.* Nikapiga mhuri. Nikampa dawa za kifafa za mwezi mmoja, arudi. Walipokuwa wanaondoka, kiasi cha saa sita, Somoe alikuwa ameshaanza kuona, akavuka mfereji bila kushikwa. Nikamwonyesha Bi Mwanahawa kwa kidole. "Unaona? Amesahau kuigiza." Bi Mwanahawa alikuwa anazungusha bendeji, akaendelea kuzungusha.

Somoe aliporudi baada ya mwezi, dawa zilikuwa zimekwisha stoo. Nilimwambia aje wiki inayofuata, na wiki inayofuata hazikuwapo pia. Nanyi mnajua, au mjue leo, dawa ya kifafa ikikatishwa ghafla mshtuko unarudi na hasira. Somoe alianguka nyumbani kwa mumewe mchana, jikoni, mbaazi zikiwa mekoni zinachemka. Alipozinduka alisema haoni. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni. Akamwambia, "Daktari amesema unaona. Ipua mbaazi, mtoto ana njaa."

Somoe akapapasa, akapata ukingo wa sufuria, akaiinua. Rukia alikuwa amemsogelea mama yake, kama mtoto yeyote atakavyofanya mama yake akiwa ameanguka. Mbaazi zote na maji yake zilimwagika kwenye mguu wa mtoto, kuanzia pajani hadi chini ya goti.

Hawakumleta kwangu. Walimpeleka hospitali ya mjini, akalazwa muda mrefu, akapona akabaki na kovu. Mimi habari nilizipata wiki tatu baadaye, na alinipa mjomba wa Somoe, Mzee Selemani.

Kwa Wamwera mjomba ni mtu mzito, ninyi wa huku mnajua. Alikuja kwa baiskeli kutoka Chiola, amevaa kanzu safi, akakaa kwenye benchi akasubiri zamu yake na wagonjwa wengine ingawa nilimwita apite. Alipoingia hakuzunguka.

"Mwanangu, Issa amemrudisha binti yetu. Mtoto amebaki naye. Tulikaa kikao, wao na sisi. Mwenyekiti wa kitongoji akasoma daftari lako. Akasema, mtu anayeona akimmwagia mtoto wake maji ya moto, hiyo siyo ajali. Watu wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, maana nitasema nini? Kuna mhuri."

Nikasema pole. Nikasema nasikitika sana.

"Sikuja kwa pole. Nimekuja kwa neno moja. Sikuombi ufute. Ongeza tu *huenda*. Andika, huenda haoni kwa muda baada ya kuanguka. Neno hilo moja nitarudi nalo kwenye kikao."

Alikuwa ameleta daftari. Aliliweka mezani na kulifungua ukurasa ule ule. Bi Mwanahawa alisimama mlangoni na trei ya sindano, hakwenda mbele wala nyuma.

Sikilizeni nilichofikiria, kwa maana siku moja nanyi mtakifikiria. Sikufikiria Somoe. Nilifikiria kwamba nikiongeza neno, itaonekana mara ya kwanza sikujua. Nilifikiria kwamba Bi Mwanahawa ananitazama. Nikalifunga daftari na kulisukuma upande wake.

"Mzee, hiki ni kipimo cha kitaalamu. Siwezi kuandika huenda kwa sababu ya kikao."

Mzee Selemani alilichukua, akalipangusa jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi, akaaga kwa adabu zote. Bi Mwanahawa alisubiri baiskeli ipotee barabarani, kisha akasema jambo kwa Kimwera. Nilimwuliza maana yake. Akasema, "Halina Kiswahili, mama." Mwaka huohuo aliomba uhamisho. Amefariki sasa. Sikuwahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi, na hilo silitafutii sababu. Nafasi nilikuwa nayo.

Issa alihamia Ruangwa, kwa ndugu zake Likunja, akaoa tena. Rukia alikwenda naye. Mimi niliendelea na kazi, nikapandishwa cheo. Hakuna aliyenihoji. Hilo ndilo mkae mkilijua kuhusu kazi hii: ukimkosea mgonjwa jina kwenye daftari la dawa utaitwa ujieleze, ukimwandikia kwamba ni mwongo, utapandishwa cheo.

Miaka ikapita. Tukaitwa kwenye mafunzo ya siku mbili mjini, ukumbi una feni moja, chai na chapati. Aliyetufundisha alikuwa daktari binti, umri wa mwanangu wa mwisho. Alichora kichwa ubaoni kwa ubavu. Akachora jicho mbele, kisha mstari mrefu mpaka kisogoni.

"Huku nyuma ndiko tunakoonea," akasema. "Jicho linapokea tu. Sasa mtu akitoka kwenye mshtuko ulioanzia huku nyuma, kisogo kimechoka, haoni. Lakini mkimmulika tochi, mboni zinasinyaa vizuri, kwa sababu kusinyaa kwa mboni hakufiki huku nyuma. Kunapita njia ya mkato." Akachora kistari kifupi. "Kwa hiyo msiwaite waongo. Mpelekeeni mkono karibu na jicho ghafla. Kama hapepesi, haoni."

Kidole cha Bi Mwanahawa. Daktari alikuwa anafundisha kidole cha Bi Mwanahawa, na watu wote ukumbini wanaandika.

Mwenzangu aliuliza, "Na wale wanaoona rangi rangi kabla ya kuanguka?"

"Hao hasa," akajibu. "Taa, duara, shanga. Wakikwambia hivyo, wasikilize."

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya ukumbi kwenye ngazi za jiko mpaka mpishi aliponiuliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo.

Mjue sikukimbilia Chiola siku ile. Ningependa kuwaambia nilikimbia. Ilinichukua mpaka nilipohamishiwa Ruangwa, nikiwa nimebakiza muda mfupi wa kustaafu, ndipo nikaandika barua rasmi, kurasa mbili, nikieleza kosa langu, nikapiga mhuri. Nikaenda Likunja kwanza. Issa alikuwa anaanika korosho uani, mvi zimeanza. Alinitambua kabla sijajitaja. Alinipa kiti, akasoma barua yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo hakuwa anaona," akasema.

"Hakuwa anaona. Kosa ni langu, Issa."

"Nilikuuliza mara mbili, mama. Nikasema haoni au hataki. Nikasema una hakika." Alikunja barua, akanirudishia. "Ulicheka. Nimekuwa nikikumbuka kile kicheko nikidhani ni cha mtu anayejua."

Nilimwomba amruhusu Rukia akamwone mama yake. Akasema Rukia ni mkubwa sasa, aulizwe mwenyewe. Rukia akaitwa, amevaa sare ya sekondari, sketi ndefu kuliko ya wenzake. Baba yake akamweleza kwa maneno machache, akaninyooshea kidole alipofika kwenye habari yangu. Msichana alinitazama, akasema shikamoo, nikaitikia. Halafu akasema, "Nitakwenda likizo. Siku moja."

Wiki iliyofuata nilikwenda Chiola kumwandaa Somoe. Mzee Selemani alikuwa ameshafariki. Somoe alikuwa anaishi katika nyumba ya mjomba wake, peke yake, analima muhogo na ufuta kidogo. Hospitali ya wilaya walikuwa wamembadilishia dawa zamani, mishtuko imekuwa ya nadra. Aliyeielewa ile habari ya shanga alikuwa tabibu mwingine, kijana, aliyemsikiliza mara ya kwanza tu alipofika. Nilimsomea barua yangu yote, maana macho yake, baada ya yote, sasa yalikuwa yanahitaji miwani. Alisubiri nimalize.

"Mama," akasema, "hayo mimi nilikuwa nayajua. Hukuniletea habari."

Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Umeomba." Akaingia ndani kuangalia muhogo wake jikoni.

Rukia alikuja likizo kama alivyosema, nami nilimsindikiza kwa sababu baba yake alitaka mtu mzima awepo. Tulipanda bodaboda moja, watatu na dereva. Somoe alikuwa amefagia uwanja mpaka pakawa na michirizi ya ufagio pande zote. Msichana alisimama nje ya michirizi ile, hakuingia.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Nadhani hakukusudia ubaya. Mama ni yule anayemlea Likunja. Huyu alikuwa mtu mzima asiyemjua, na shangazi ndilo neno lililokuwa karibu. Somoe akaitikia marahaba. Akamletea kigoda, yeye akakaa kwenye mkeka. Wakaongea habari za shule. Somoe akauliza anapenda somo gani, Rukia akasema baiolojia. Nilikuwa nimekaa kibarazani, nasikia kila neno na natamani nisingesikia.

Baadaye Somoe akasema, "Naomba niuone mguu."

Rukia akavuta sketi mpaka juu ya goti. Somoe akavaa miwani. Hakuugusa. Alilitazama kovu lile kuanzia juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayesoma barua kutoka mbali, na hakulia.

"Siku ile," Rukia akasema, "ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unasema mama, mama. Nilijua uko karibu, sikujua uko upande gani."

Rukia akashusha sketi. Kisha akasema dereva anasubiri, na kwamba nyumbani wamemwambia arudi mapema. Somoe akaingia ndani, akatoka na muhogo uliochemshwa ukiwa umefungwa kwenye kitambaa, akampa. Msichana akaupokea kwa mikono miwili.

Hajarudi tena mpaka leo ninapowaambia haya. Yuko chuoni, nimesikia. Huenda yuko hapa katikati yenu, au kwenye ukumbi mwingine kama huu, sijui.

Nilibaki nyuma kidogo pale uwanjani, nikitafuta neno la kumwambia Somoe. Nilifikiri nitabaki nimsaidie hata kuosha vyombo. Aliniangalia kupitia miwani yake, macho makavu kabisa, akaelekeza kidevu kwenye bodaboda.

"Na wewe panda, mama. Nafasi ipo."